Mtoto Alisema Papa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Helena Ngailo. Umri: miaka 39. Kabila: Mkinga. Dini: Mkristo. Kazi: muuguzi wa zahanati. Makazi: Mahurunga, Wilaya ya Mtwara.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu kama ifuatavyo.

Mnamo tarehe 11/05/2022, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa narudi Mahurunga kwa boti ya mashine ya Athumani. Nilitoka kuchanja watoto kwenye vitongoji vya karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Tulikuwa abiria kumi na mmoja, pamoja na magunia ya mpunga. Boti ilikuwa imelemewa, ukingo wake unakaribia kuchota maji.

Mbele yetu tuliona mtumbwi mdogo umepinduka. Mwanaume mmoja alikuwa majini, mkono mmoja ameshika mtumbwi, mwingine amembeba mtoto wa kike. Sikuwafahamu. Siku hizi watu wengi wanavuka kukimbia vita upande wa Msumbiji. Athumani alisogeza boti, na abiria aitwaye Shabani akamvuta mtoto ndani. Yule mwanaume, katika kumsukuma mtoto juu, aliachia mtumbwi, mkondo ukamtenga nasi hatua chache. Hakuwa amezama. Alikuwa anaogelea kutufuata.

Mtoto alisimama juu ya magunia, akanyoosha kidole majini, akapiga kelele, "Papa! Papa!"

Pale mdomoni mwa mto papa huingia, kila mtu anajua. Shabani alirudisha mikono ndani kama aliyeungua. Boti nzima ikalidaka neno lile. Mimi pia nilipiga kelele. Nilisema, "Athumani, ondoa boti!" Akaondoa. Yule mwanaume alinyanyua mkono. Nilimwona. Mtu aliyekamatwa na samaki hanyanyui mkono akautuliza vile, ila hilo nimelifikiri baadaye. Mtoto aliendelea na neno lilelile mpaka sauti ikamkauka, akilivuta mwishoni, papaa. Nilidhani ni woga. Nilimkumbatia nikamwambia, "Usiogope, mwanangu, hatatufikia."

Tulipofika Mahurunga tulitoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Hashimu, kwamba mtu ameliwa na papa. Mtoto nilimchukua kwangu. Hakujua Kiswahili.

Tarehe 13/05/2022 mchana, mwili ulikutwa kwenye mikoko, ukaletwa ufukweni. Niliitwa kuukagua. Haukuwa na jeraha hata moja. Nilikuwa bado nimepiga magoti nilipoona mtoto amenifuata kutoka nyumbani. Alikaa chini, akaweka kiganja kwenye shavu la marehemu, akamwita taratibu kama anayemwamsha.

"Papa."

Shabani aliondoka, akaenda nyuma ya vibanda.

Athumani ndiye aliyechuchumaa kando ya mtoto. Alimsemesha kwa Kireno, naye akamjibu. Kisha akatugeukia. "Anaitwa Zulmira. Huyu ni baba yake, Arlindo. Kwao baba ni papa."

Nikamuuliza, "Kumbe Kireno unakijua?"

"Nimefanya kazi Palma, ng'ambo Msumbiji, miaka mingi, Nesi."

"Basi siku ile ulisikia anamwita baba yake."

Akasema, "Nyie wote mlisema papa. Wewe mwenyewe uliniambia niondoe. Ningegeuza na mzigo ule, watu wamepagawa vile, tungezama wote, na huyu mtoto pia."

Nilimchukua mtoto nikarudi naye nyumbani.

Jioni mzee Hashimu alikuja zahanati. Alisema, "Nesi, andika papa. Papa hashtakiwi. Tumzike mtu wa watu, yaishe." Nilikataa. Niliandika amekufa maji. Tangu hapo bombani hawanisalimii. Wanasema mimi mtu wa kuja nataka kumfunga kijana wao. Sijaja hapa kituoni kumfunga Athumani. Mle ndani ya boti hakuna aliyesema turudi. Kama ni kuita, tuitwe wote.

Zulmira bado yuko kwangu, hajapatikana ndugu. Jana nilikwenda naye sokoni. Mchuuzi mmoja wa samaki wakavu alikuwa ananadi, "Papa! Papa huyu hapa!" Mtoto aliuachia mkono wangu akakimbilia ile sauti, anatazama nyuso za wanaume moja baada ya nyingine. Nilimkuta mbele ya meza ya samaki, amesimama, hajui amtazame nani. Nilishindwa kumweleza. Sina maneno ya kwao, na ya kwetu ndiyo hayo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na ninayathibitisha kuwa ya kweli.

Sahihi ya shahidi: H. Ngailo
Tarehe: 20/05/2022

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Innocent, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili anachokielewa. Nilimtahadharisha kwamba halazimiki kueleza aliyoyatamka yeye mwenyewe ndani ya boti. Amejibu kwamba yabaki kama yalivyo.