Kinyonga Niliyesingiziwa

Mama, kamwene, na shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na viazi vimetoka shambani kabla mvua haijaharibu njia ya Matembwe. Mimi huku Ujerumani mwili ni mzima, ila nina hasira, na nisipokueleza wewe nitapasuka.

Bwana huyu ninayemlelea watoto anafuga kinyonga kwenye sanduku la kioo, wa pembe tatu, sawasawa na wale wa msituni kwa shangazi kule Matamba. Kumbe sheria ya huku inataka mnyama wa kigeni kama huyo aandikishwe, na anayemfuga aonyeshe karatasi ya alikotoka. Bwana hana karatasi. Alimnunua kimyakimya.

Juzi akaletewa barua kwamba afisa anakuja kukagua. Akaniita mezani, akanimiminia chai yeye mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kisha akanipa karatasi nitie sahihi kwamba mimi ndiye niliyemleta kinyonga kutoka Tanzania ndani ya begi, nikampa zawadi. Eti nitasamehewa kwa kuwa mgeni hajui sheria. Nani kamwambia mgeni ni mjinga? Kutorosha mnyama ni kosa huku na ni kosa kwetu, na kibali changu cha kuishi kingefutwa. Nilikataa.

Afisa alipofika, bwana akasema yaleyale mbele yangu, hana hata haya. Yule mama afisa akanigeukia, akaniomba nimshike kinyonga wangu ili amkague vizuri. Mama, nilijikuta nje kwenye ngazi, peku. Wewe ulitulea tusimguse kinyonga hata kwa kijiti, sembuse nimlaze kwenye begi pamoja na nguo zangu za kanisani! Afisa akanifuata, nikamweleza hayo palepale. Hakucheka. Akaandika, kisha akamwambia bwana, "Huyu binti hajawahi kumgusa."

Bwana amenipa hadi mwisho wa mwezi nihame.

Msalimie shangazi, na kaka Edwini huko Makambako kwenye mbao zake. Najua atasema ningetia sahihi tu, nilinde kazi. Mwambie kazi hutafutwa. Jina mlilonipa wewe na marehemu baba likishaandikwa kwenye uongo wa mtu, nani atalifuta?

Kinyonga amepelekwa mahali penye joto, kwa mujibu wa sheria. Mimi bado natafuta pa kulala.

Mwanao akupendaye,
Tumaini