Ulisema Sipendi Maji

Baba Halima,

Mwongo wewe. Nakwambia sasa umelala hapo chini ya mkorosho, maana ulipokuwa hai ungekohoa, ukachukua kofia yako, ukatoka.

Mvua ya kwanza tangu tukuzike imenyesha. Asubuhi kumbikumbi wakafumuka kwenye kile kichuguu changu nyuma ya jiko, hewa nzima mabawa. Nikawafunikia mkeka kama kila mwaka. Nikajaza kibuyu chako, wazima wazima, na mabawa yao, maana ulikuwa ukinigombeza, "Mama Halima, usiwapukute! Asiye na mabawa samaki hamtaki." Miaka yote wanono nilikuwekea wewe wa ndoana, mimi nikakaanga waliosalia. Na kila nikiomba twende wote mtoni, unasema samaki wakiona kivuli cha mwanamke wanakimbia. Nami nikaamini. Mjinga mimi.

Safari hii nikasema nitakwenda mwenyewe, nivue hata mmoja, wajukuu wale samaki wa babu yao. Nafika mtoni, namkuta nani? Mama Zuhura, yule mwenye bustani ya nyanya ng'ambo. Kainama nyuma ya matete, ufito wa ndoana kaushika kwa vidole viwili, vile vile kama wewe.

"Shikamoo, Bibi. Mzee ndiye aliyenifundisha. Alisema wewe hupendi maji."

Baba Halima! Mimi nisipende maji? Mimi wa Newala, niliyeshuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani tangu sijavunja ungo?

Ungemwoa, ungeniambia, ningenuna, mwisho ningezoea. Lakini ulimpa mto. Kumbikumbi wangu, kichuguu changu, mto ukampa yeye. Hilo sijui nilimeze vipi.

Nikatupa ndoana yangu na kumbikumbi wake, nimeifungia kijiwe, ikazama moja kwa moja, na samaki wako juu wanadonoa mabawa yanayoelea. Akacheka, kwa adabu lakini alicheka. "Bibi, toa kijiwe. Mwache aelee."

Mdomo wake, maneno yako. Nilitaka kumzaba kofi. Nikatoa kijiwe.

Kumbikumbi akaelea, akazunguka kidogo, maji yakafunguka. Nikavuta. Perege, mpana kuliko kiganja changu! Na kivuli changu kilikuwa kimemfunika, Baba Halima. Hakukimbia. Nikakaa pale matopeni nikalia, kwa hasira, na kwa kuwa hukuwepo nikuoneshe.

Basi, kwaheri. Kaburi lako nitalipalilia, hilo usiwe na wasiwasi. Ila kibuyu sasa ni changu, na Halima akija na binti zake nitawapeleka mtoni wote, wasimame juani na vivuli vyao. Mama Zuhura naye akiwepo, na awepo. Atanisalimia kwanza.

Na wewe huko uliko, wakikuuliza habari za mkeo, rekebisha maneno yako. Sema anavua.