Bakuli la Maji la Tabu

Maskati

Kaka Athumani, shikamoo.

Tumempoteza Shujaa Jumamosi iliyopita, kabla ya adhuhuri. Daktari wa mifugo wa Nguvumali, kule mjini, amenisomea majibu ya damu kwenye simu: moyo wake mgonjwa ulikuwa bado unamudu, figo ndizo zilizokwisha. Zilikwisha kwa kiu. Nimeona nianze na hilo, nisije nikalizunguka.

Haya, mko wazima huko Mkwaja? Magoti ya Mama yamemwachia kidogo? Wifi Rukia na watoto je? Mie mwili haujambo, alhamdulillahi, ila hasira bado zimenikaa. Ndiyo maana naandika kwa mkono na kukupigia picha kurasa hizi. Kwenye simu unanikatiza, na mie nakata.

Kwanza nikupe haki yako. Tangu utotoni weye ukiona mbwa njiani unavuka upande wa pili. Lakini wangu hawa wawili, walinzi wa muhogo na mbuzi zangu, umewatunza kuliko nilivyothubutu kuomba. Wifi ameniambia ulivyokuwa ukimfumbua Shujaa mdomo kwa mkono wako, kidonge ndani ya tonge la ugali, kisha unakwenda kisimani kunawa mara saba, moja kwa mchanga, asubuhi na jioni, bila kunung'unika. Na siku ya kumpeleka mjini, dereva wa Noah alipokwambia, "Mzee, humu watu wanapanda na kanzu zao za kuswalia," ukamjibu, "Wewe endesha, mbwa nimempakata mie." Nimecheka, Kaka, nikalia. Sijui kama mwanamume mwingine wa pale kijijini angelifanya hilo.

Na nilipokuuliza maji, hukunificha. Ulisema, "Bakuli nililiondoa mie." Kidonge kile kinakojoza, Shujaa akachafua baraza ambapo Mama anaanika mikeka yake ya kuswalia, Mama akasema nyumba hii tunaswali, haiwezi kuogeshwa mkojo wa mbwa. Ukaona dawa ni rahisi: asinywe, hatakojoa. Ukawa unampa maji asubuhi, basi mpaka baada ya isha. Kosa la mtu msafi. Lakini nilikuwa nimekuonya, si mara moja, ukaniambia, "We Mwanahamisi, huyu ni mbwa, si mgonjwa wa wodini." Hapo ndipo uliponiuma.

Nisikilize sasa. Mie hapa nilikuja kupiga deki kwa watu, hakuna aliyenishika mkono, na leo niko hospitali ya wanyama, nashika mbwa wa matajiri wakati wanatolewa damu. Daktari wetu ni mama wa Kisudani, Daktari Ihsan. Ungemwona! Anapiga magoti sakafuni na mtandio wake mweupe, anasikiliza moyo wa mbwa kana kwamba anasikiliza siri ya shoga yake. Moyo ukichoka, ananiambia, maji yanarudi mapafuni, mbwa anakohoa. Kidonge kinayatoa maji yale kupitia figo. Kwa hiyo kila anayempa kidonge anampima na figo, kabla na baada, maana ukizidisha unaokoa mapafu unaua figo. Mie naona ni kama wake wenza: ukimkazania mmoja, mwingine ananuna.

Wiki iliyopita bibi mmoja alilalamika mbele yangu kwamba mbwa wake ameharibu zulia, je, asimnyime maji kidogo? Daktari akamjibu kwa upole, "Zulia linafuliwa, bibi. Figo hazifuliwi." Nikatoka nje nikasimama peke yangu.

Figo, Kaka, zifikirie kama kifumbu cha tui. Nazi umekuna, kifumbu kizima, lakini usipotia maji utakamua nini? Machicha. Moyo dhaifu tayari unaleta maji kwa kusuasua; kidonge kinayatoa; nasi tukafunga bakuli. Hata hivyo figo za Shujaa zilijitahidi siku zote hizo. Nikizifikiria, nazivulia kofia.

Sasa Tabu. Ni ndugu yake wa tumbo moja, kikohozi kile kile, kidonge kile kile nusu asubuhi na nusu jioni. Jana ukaniambia kama jambo dogo kwamba hataki kula na ametapika. Shujaa alianza hivyo hivyo. Nikakuuliza maji yake yako wapi, ukasema, "Tutaona, Mama bado ana hasira." Hapana. Mama yuko sawa kuhusu baraza lake, na Tabu yuko sawa kuhusu koo lake. Mhamishie kwenye jiko la zamani kule kwenye mikorosho, kuna kivuli na mchanga, akojoe atakavyo. Bakuli lijae kutwa kucha. Kidonge usikiongeze wala kukipunguza kwa kichwa chako; daktari wa Nguvumali ampime damu kwanza, yeye ndiye aseme. Yule dereva nimeshazungumza naye, anakuja na turubai, hana neno tena. Kazi yako ni kumpakata tu, na hiyo tumeona unaiweza.

Nisalimie Mama, umwambie baraza nitalisakafia nikija. Nisalimie Wifi Rukia, jicho langu hapo nyumbani, na Ami Saidi mwadhini. Shangazi Mwanaidi wa Mabawa, huko mjini, mwambie udi wake nimeupata.

Nataka majibu mawili, Kaka. Bakuli liko wazi: ndiyo au siyo? Tabu anakwenda kupimwa: ndiyo au siyo? "Tutaona" sipokei. Dereva anapita kwenu kesho asubuhi. Nijibu leo, kabla Ami Saidi hajaadhini magharibi. Ikiwa siyo, sema siyo, nimwambie anipakilie mbwa wangu ampeleke kwa Shangazi.

Dada yako akupendaye,
Mwanahamisi