Ubadhirifu, kwa mama aliyefundisha Kiswahili

Shoga, nakuandikia kwa siri. Nimejifungia chooni kwa mama mkwe.

Mume wangu si kaitisha kikao cha familia? Sebuleni kwa mama yake, tena na ajenda zilizochapishwa! Akafika namba tatu, akasoma na macho makavu: "Matibabu ya figo za Mama, kwa umri wake, ni ubadhirifu."

Ubadhirifu! Na Mama mwenyewe kakaa pale pale, shoga, anasikia!

Na unamjua yule mama, miaka arobaini kafundisha Kiswahili. Sheria ya nyumba yake ni ile ile: ukitumia neno gumu, utoe maana, asili na sentensi.

"Haya mwanangu. Maana?"

"Ni matumizi mabaya ya mali," akajibu, jasho linamtoka.

"Asili?"

Akapekua ajenda, kama jibu limechapishwa humo. Mkurugenzi mzima!

"Limetoka Kiarabu," Mama akasema taratibu, kama yuko darasani. "Mzizi wake ni kumwaga mbegu. Unazitawanya ovyo, hata pasipoota kitu. Sentensi?"

Akalegeza tai.

"Basi nitatunga mimi. Niliuza shamba la baba yako nikusomeshe wewe, na huo ndio ulikuwa ubadhirifu."

Shoga, Mama akachukua ajenda, akatoa kalamu nyekundu, akampa sifuri.

Kisha akauliza, "Nani alikuchapia ajenda hii?"

Wote wakanigeukia mimi.

Sasa Mama anagonga mlango wa choo. Anataka maana, asili na sentensi ya neno "aibu".