Simu Ni Nzima

Kimuli, Kyerwa
12 Juni 2025

Kaka yangu Leonidas,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto wote hapo Bweranyange, na kwamba kahawa imeiva vizuri msimu huu. Huku kwetu mvua imetuacha mapema, ila migomba bado inajikaza. Mimi naendelea, ingawa kizunguzungu kile cha tangu homa hakijaniacha, na ndiyo maana sijapanda pikipiki kuja mwenyewe.

Najua utashangaa. Utasema, huyu naye, ana simu mkononi halafu ananiandikia barua kama enzi za marehemu baba yetu, Tata! Tulia kaka, usome mpaka mwisho. Binamu yetu Deodatha alifika hapa jana, akanipa habari kwamba unauza kibanja alichotuachia Tata, shamba na nyumba anamoishi Mama, ili ukafunge mashine ya kukoboa kahawa Kihanga, na Mama atahamishiwa chumba cha nyuma ya mashine. Wazee wa ukoo wamekubali kwa sababu ulinipigia mbele yao, ukaweka simu mezani kwa sauti kubwa, nami nikajibu ndiyo. Kesho kutwa mnasaini. Nakuomba sana usisaini. Mimi sikukubali, na ili unielewe inabidi nikusimulie habari za simu zangu.

Ya kwanza uliniletea wewe, unaikumbuka? Ile nzito yenye antena. Mtandao haukushika hapa nyumbani, nikawa napanda mlimani, nasimama juu ya kichuguu mkono hewani, majirani wakanicheka kwamba Jovitha ameanza kuongea na ndege. Vocha tungeitoa wapi? Tulikuwa tunabipiana tu. Ukibipu mara moja najua wote wazima, ukibipu mara mbili najua kuna jambo. Simu ile niliipenda mpaka nikaishonea mfuko. Ilitumbukia kwenye sufuria ya ndizi nikiwa napika, ikafia humo.

Nikanunua kitochi kwa Zuleha, yule mwenye duka la simu hapa sokoni. Kile kilidumu, lakini kilinitesa. Kilinipa habari ya kifo cha Tata nikiwa naanika kahawa. Ndicho kilichoita mfululizo siku mume wangu Dastan alipopata ajali. Ikafika mahali kikiita tu moyo unanidunda. Baada ya kumzika Dastan nilikitupa juu ya kabati, nikasema sitaki kukiona. Nikakitoa kwa ajili ya Mama, maana watoto wote wamekwenda zao na sauti yake ndiyo iliyokuwa imenibakia humu ndani.

Kisha ikaja ile homa ya mwaka jana. Nilichomwa sindano nyingi mno, mwenyewe ulikuja kuniona. Niliporudi nyumbani masikio yalikuwa yanavuma, na kitochi kikawa na sauti ndogo. Nikakipeleka kwa Zuleha, akabadilisha spika, bado. Nikamtolea maneno makali kwamba ameniwekea kitu kibovu, unaujua mdomo wangu. Mwanangu Edgar akanitumia hii ya kupangusa kutoka Mwanza, mpya kabisa. Nayo ikawa inanong'ona, baadaye ikanyamaza. Nikasema loo, hata Edgar wamemuuzia feki! Nikaibeba na hasira zangu mpaka dukani. Maskini Zuleha, hakubishana. Akampigia mtu, akaiweka sikioni kwake, akaongea, akacheka. Kisha akaniwekea mimi sikioni. Kimya. Tukatazamana. Nikaona midomo yake inasema simu ni nzima, na macho yakamjaa machozi.

Kaka, mimi ni kiziwi. Masikio yote mawili. Mvua ikipiga bati sisikii.

Zuleha nilimwapisha asimwambie mtu. Niliogopa Edgar angekuja kunichukua, akaniweke kwenye chumba cha kupanga Mwanza, na migomba yangu ibaki na nani? Mjane kiziwi, nani angemwacha akae peke yake? Basi nikajifunza kuigiza. Simu ikitetemeka natazama jina, napokea, nasubiri kidogo, nasema ndiyo, sawa, hamna shida. Wewe nilikutumia ujumbe kwamba uwe unaniandikia, ukajibu kwa kupiga! Siku ile ya wazee nilidhani unaniuliza hali, kama ulivyozoea. Nikasema ndiyo kaka, sawa, fanya hivyo hivyo. Nimeng'ang'ania kibanja changu kwa uongo, nikagawa cha Mama. Naona aibu, kaka, aibu kubwa.

Deodatha anarudi leo na barua hii, na angeweza kukueleza kwa mdomo, lakini anapinga mauzo na ungesema ametunga. Mwandiko huu unaujua. Wasomee wazee wote, na kama wanataka kuhakikisha, waje wanipigie kelele mgongoni.

Limebaki moja, na ndilo linaloniumiza kuliko yote. Deodatha alipogundua kwamba sisikii, alinipa habari zote kwa kuandika kwenye simu, na hili aliliandika mwisho, akiwa anasitasita. Unajua Mama hunipigia kila Jumapili baada ya ibada, ananitania kwamba mbuzi wake wana akili kuliko wakwe zangu. Jumapili iliyopita Mama alinipigia, Deodatha akiwa amekaa naye. Alikuwa analia. Aliniuliza kama ni kweli mimi, mwanawe, nimekubali ang'olewe pale alipomzika mumewe. Mimi nilidhani ni yale ya mbuzi. Nilicheka, kaka. Nilicheka sana, nikamwambia ni kweli kabisa Mama, ni kweli.

Deodatha anasema Mama alizima simu, akaingia ndani, akaanza kufunga vitu vyake.

Mama hajui kusoma. Kabla hujaenda kwa wazee, kaa naye chini umsomee wewe mwenyewe, polepole, uanzie pale nilipoandika kwamba mimi ni kiziwi.

Nisalimie wifi na watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Jovitha