Jina Lisilovuka Vurra

Jumatatu, 15 Mei 1972

Barua imefika hapa Arua kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Mama mkwe yu mahututi, anataka kumwona mjukuu wake kabla hajafumba macho. Mume wangu Basile alikuwa na barua hiyo tangu asubuhi, akaikalia mpaka jioni – najua kwa nini. Ng'ambo majina ya Kizungu yamepigwa marufuku mwaka huu, na baba mkwe ameshamwandikisha mtoto kwenye karatasi zake: Lokule. Hakutuuliza! Mwanangu ana miaka minne na anaitwa Telesfori. Leo nimeshona sare mbili za shule, zote mbili nikazifumua.

Jumatano, 17 Mei

Basile kaenda Koboko kuuza vitambaa, karudi na mafunzo. Mwanamke mmoja sokoni kamwambia kwamba pale kwenye kizuizi cha mpakani askari huwaita watoto kutoka nyuma kwa majina ya ubatizo, aone nani atageuka. Sasa nyumbani ni mchezo tu. "Lokule!" – akigeuka, kipande cha muwa. "Telesfori!" – asipogeuka, kipande kingine. Mtoto anacheka mpaka anakaa chini. Mimi nilitoka nikaenda jikoni, nikarudi, nikatoka tena. Nimemwambia Basile mdomo wangu hautalitamka hilo Lokule. Akasema sawa, basi nyamaza.

Ijumaa, 19 Mei

Cherehani imenishinda. Nikaenda misheni kwa katekista Adriko, nikamwomba aniangalizie jina kwenye daftari la ubatizo. Alifunua kurasa mpaka vidole vikajaa vumbi. Watatu tu, tangu daftari la kwanza! Mmoja alikufa mchanga. Wa pili yuko Kampala, anajiita Ted. Wa tatu ni wangu. Akina Kizito, anasema, wamejaa tele. Kisha akanieleza: Telesfori alikuwa Papa zamani sana, aliuawa kwa ajili ya dini, na kwa Kigiriki jina lake ni kama kusema anayefikisha jambo mwisho.

Sikuyajua hayo. Kwangu ni jina la kaka yangu, aliyenifundisha kusoma kwa makaratasi ya sabuni. Walimchukua huko ng'ambo kwenye vurugu za mwaka wa sitini na nne. Hatukupata maiti, hana kaburi. Nimebaki na jina.

Jumapili, 21 Mei

Jirani yangu Ayikoru kanikuta nafua nguo zilezile mara ya pili. Kwao Walugbara jina la mtoto husimulia yaliyowapata wazazi, kwa hiyo hanishangai. "Lakini wewe iko na kichwa ngumu, Mama Telesfori. Wacha mutoto iende ione nyanya yake. Jina itangoja hapa kwangu." Nilicheka, halafu nikalia mbele yake bila aibu. Mtaa mzima unaniita Mama Telesfori. Ng'ambo nitakuwa mama nani?

Jioni Basile akamjaribu tena: "Telesfori!" Mtoto hakugeuka hata kidogo. Baba yake kafurahi, kampa muwa mrefu.

Jumanne, 23 Mei. Vurra, kwenye benchi la forodha ya ng'ambo

Upande wa Uganda tulipita vizuri. Hapa karatasi zilishasomwa, askari kashika muhuri, Basile anajibu maswali. Mtoto akaniponyoka, akamfuata mbuzi barabarani. Lori la kahawa lilikuwa linarudi nyuma.

Nikaita Telesfori. Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote – kakaza shingo, kama alivyofundishwa. Nikaita Lokule. Akasimama palepale, akageuka, akanyoosha mkono apewe muwa. Lori lilipita hatua mbili kutoka aliposimama.

Basi nimelitamka. Sijuti, lakini nina hasira na sisi sote wawili, mimi na Basile.

Askari akaweka muhuri chini. Akaniuliza, "Ile jina ya kwanza ni ya nani?" Nikasema ya kaka yangu. "Na yeye iko wapi?" Ningesema amekufa, ingetosha. Sijui ni nini kilichonishika. Nikasema anakuja nyuma, tumesafiri naye.

"Basi mukae. Huyo mutu akifika, mutapita wote."

Karatasi zetu ziko kwenye droo yake. Mpita njia kutoka Aru kamwambia Basile mama yake hajasema neno tangu asubuhi. Basile kahamia mwisho wa benchi. Mtoto kalala mapajani mwangu. Saa nane imepita. Kila mwanamume akitokea upande wa Arua, askari ananitazama mimi, nami – Mungu anisamehe – naiangalia kwanza vizuri sura ya huyo anayekuja, ndipo natikisa kichwa kwamba siye.