Shangazi Ananikatia Vidonge vya Mgongo

Dada mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie na jina langu usiliandike, nimeleta gazetini kwa sababu redioni shangazi angesikia. Nina miaka kumi na saba, naishi Bangwe kwa shangazi Capitoline, mwaka huu nilidondoka kwenye mchikichi nikikata chikichi, nikafanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, nikarudi na vidonge vya maumivu, daktari akasema kimoja asubuhi na kimoja jioni, na shangazi ndiye anavitunza kwenye kopo la chumvi. Sasa siku hizi ananipa nusu, nusu nyingine sijui inakwenda wapi, nikimwangalia anageuza uso, na mgongo unawaka mpaka nashindwa kugeuka kitandani, halafu Haruna ninayesoma naye akaniambia, "We, vidonge hivyo vinauzwa pale sokoni Mwanga, unadhani shangazi yako kile kitenge kapata wapi?" na kweli kitenge ni kipya. Kumuuliza siwezi, mimi nina haya, hata wageni wakija kunipa pole na kuuliza nimeamkaje nasema nimepona, namshukuru Mungu, shangazi anaitikia amina, wanakunywa chai wanaondoka, ndipo nalia, maana Kiswahili nimejifunza shule ila kulia bado nalia kwa Kirundi, lugha yetu ya nyumbani. Haruna anasema Jumamosi ataniletea vya kwake vya mtaani, vikali kuliko hivi. Nivimeze? Au nimshtaki shangazi kwa mjumbe?

Mgonjwa wa Bangwe

Mdogo wangu, marahaba, na pole. Unaumwa kweli, hapo niko upande wako. Lakini barua yako nimeirudia, na mwizi simwoni. Umeandika mwenyewe: kila mgeni unamwambia umepona, na shangazi yuko hapohapo anaitikia amina. Sasa akupe vidonge vya nini? Mama wa watu nadhani amesikia kwamba dawa hizi mtu akizizoea zinamshika, akaona akupunguzie. Naweza kukosea, na kitenge sijui kapata wapi. Ila hizo nusu zilizobaki zitafute kwanza ndani ya kopo la chumvi, kabla hujazitafuta Mwanga.

Vya Haruna usiviguse. Hujui ni nini, na ukichanganya na vyako unaweza kulala usiamke. Huyo mjumbe naye mwache apumzike.

Leo hii, kabla wageni hawajaingia, mwambie shangazi kwa Kirundi chenu: nilikuwa nawaficha, mgongo unaniuma. Kisha mrudi wote wawili kwa daktari. Wa kupunguza au kuongeza ni yeye, si shangazi, si wewe, wala si mimi. Miguu ikifa ganzi, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, homa ikipanda, kidonda kikitoa usaha, usione haya wala usingoje kesho: hospitali siku hiyohiyo.

Na mgeni akikuuliza umeamkaje, mjibu, "Mgongo unauma." Chai yake ataimaliza tu.